Kamera Isiyojua Itazame Wapi

Kaka yangu ni kinyozi, na mikono yake haijawahi kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa. Akikunyoa, unatoka na habari za mtaa mzima na nusu ya mtaa wa jirani. Kwa hiyo aliponipigia simu akasema, "Njoo nyumbani, wifi yako hasemi na mtu," kisha naye akanyamaza, nilijua ama kuna msiba ama kuna kitu kimeharibika. Nikafunga kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, nikaacha mashine ya mteja mezani tumbo wazi, nikaenda.

Hakukuwa na msiba. Kulikuwa na kamera.

Wifi yangu ni fundi saa. Mtaani wanamwita Kibano, kwa vile kile kibano chake cha kushikia vidude vya saa hakimtoki mkononi. Nimewahi kumkuta akiokotea nacho kokoto kwenye mchele, ingawa mwenyewe anakana. Ana meza yake chini ya ngazi za duka la dawa, na saa iliyokufa ikipita pale huondoka inatembea. Shida yake ni vipuri. Watengenezaji wa zile saa za maana hawauzi vipuri vyao kwa kila anayebisha hodi. Wanampa fundi waliyempima wenyewe wakaridhika naye. Kwa hiyo Kibano amekuwa akichonga vigurudumu kwa tupa, anang'oa kwa marehemu huyu anampa mgonjwa yule, na saa nyingine anamrudishia mwenyewe macho yakiwa chini: "Hii siiwezi. Si kwamba sijui. Sina cha kutia ndani." Mimi ni fundi pia, najua maneno hayo yanavyokwaruza koo.

Sasa walikuwa wamekubali kumpima. Wanakuletea saa ndani ya boksi lililopigwa muhuri. Mtahini wao, aliye mji mwingine, anakutazama kwa kamera ya kompyuta tangu unapovunja muhuri mpaka unapofunga kifuniko. Unaifumua yote, unaisafisha, unairudisha, nayo itembee. Yeye anataka kuona kila kidude na kila skrubu inakoingia.

Na asubuhi ile Kibano alikuwa amefumua nusu, mtahini akamkatisha. "Mama," alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza, "mimi huku naona ukungu. Mara mkono, mara ukungu, mara pazia. Siwezi kuupitisha ukungu." Akampa Jumamosi nyingine, akaongeza kwamba hakuna ya tatu.

"Nilimnunulia kamera nzuri kabisa," kaka alinieleza mlangoni, kama anayejitetea polisi. "Inajifokasi yenyewe. Muuza duka aliniapia."

"Hukuuliza inajifokasi kwenye nini?"

"Nitajuaje kama inachagua?"

Kibano alikuwa kwenye meza yake ya nyumbani, amejipanga kimya na bisibisi zake. "Wifi," akasema bila kugeuka, "kama umekuja kucheka, kacheke na mwenzako huko nje, kisha mrudi."

"Nitacheka baadaye. Washa hiyo kamera nimwone mgonjwa."

Kamera ilikuwa imefungwa kwenye mkono wa chuma, inaning'inia juu ya bega lake la kushoto, inatazama meza. Picha ikatokea kwenye skrini, safi, unaona mpaka mikwaruzo ya mbao. Kibano akaweka saa ya zamani katikati, picha bado safi. Akaingiza mkono na bisibisi. Hapo kamera ikapatwa na wazimu: ikaufuata mkono, ikaona bangili, ikapendezwa, ikaiacha, ikarudi kwenye saa, ikatishwa na kivuli, ikaenda kutafuta kitu nyuma kabisa, na muda wote huo saa yenyewe ilikuwa dimbwi la rangi ya kijivu. Kibano alipotoa mkono, kamera ikatulia, haina hili wala lile.

"Hii kamera ina macho ya mgeni sebuleni," nikasema. "Kila kitu anakitazama isipokuwa mtu anayemsemesha."

Kibano hakucheka, ila bega moja lilitikisika. Nikajua tunaelekea pazuri.

Kompyuta nimejifunza kwa kuziunguza, si kwa kusomea. Ila kitu kimoja dunia imenifundisha kwa makofi: kifaa kinachojidai kinajua kila kitu, kwanza kinyang'anye madaraka. Nikavuta kiti, nikafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza kompyuta kamera hii inakubali kuamrishwa mambo gani. Ikanitolea orodha yake: mwanga, rangi, ukali, na humo katikati nilivyovitaka, fokasi ya kujiendesha na fokasi ya namba. Kaka alikuwa ameinama juu ya bega langu, ananipumulia sikioni.

"Hiyo ni lugha ya wapi?"

"Ya kuongea na wabishi. Tazama." Nikaandika:

v4l2-ctl -c focus_automatic_continuous=0

"Hapa nimeiambia: acha kujiamulia. Sifuri maana yake funga. Sasa ya pili."

v4l2-ctl -c focus_absolute=60

"Hapa nimeipa namba. Namba ikikua inatazama karibu zaidi, ikipungua inatazama mbali. Na ni lazima uanze na ile ya kwanza. Ukiipa namba kabla hujaizuia kujiamulia, inakukatalia. Ni kama wewe: huwezi kuelekezwa njia mpaka kwanza ukubali umepotea."

"Mke wangu, unasikia ninavyotukanwa nyumbani kwangu?"

"Nasikia," Kibano akasema. "Endelea, wifi."

Tukaanza kuitafuta namba. Mimi naandika, Kibano anatazama skrini kwa jicho lile linaloona vumbi ndani ya saa.

"Bado. Panda. Panda tena. Hapo umepita."

"Nimerudi."

"Umerudi mno. Weka katikati."

"Katikati hakuna. Inakwenda tano tano."

Akanigeukia, mara ya kwanza siku ile, uso wa mtu aliyeletewa mzigo mbovu. "Tano tano? Na watu wanainunua?"

Mwishowe ikakaa kwenye themanini na tano. Kibano akaingiza mkono, akautoa, akapitisha bisibisi, akatikisa bangili kusudi. Kamera haikugeuza shingo. Skrubu ndogo kuliko chembe ya mtama ilionekana mpaka mfereji wake. Kaka akapiga makofi. Mimi nikaanza kukusanya mkoba wangu, kichwa kimenivimba kidogo, sikatai.

Kisha Kibano akavaa lenzi yake ya jichoni ili afanye jaribio la kweli, akafungua saa, akatoa daraja la kwanza, kile kibati kinachoshikilia vigurudumu, akafika mahali panapohitaji uangalifu. Na akaiinua saa yote mpaka jichoni.

Kwenye skrini ikabaki meza tupu yenye mikwaruzo mizuri sana, na mbele yake ukungu.

"Mikono chini," nikasema.

"Ndiyo, samahani." Akashusha. Akafanya kidogo. Akainua tena.

"Chini, wifi."

"Sijainua."

"Hiyo iliyo puani mwako ni nini?"

Akaitazama ile saa kama imepanda yenyewe. Fundi saa aliyefundishwa vizuri halipeleki jicho kwenye kazi. Anakaa wima, anaileta kazi kwenye jicho. Ndivyo alivyofundishwa akiwa msichana, na mwalimu wake alikuwa akimgonga mgongoni kwa rula akiinama. Sasa mgongo wenyewe ulikataa kuinama. Siku zilizofuata tulijaribu kila hila. Kaka alikaa pembeni akimgusa kiwiko kila kilipopanda, mpaka akatishiwa kibano. Tukaweka mto chini ya mikono. Tukamfunga kitambaa kiwikoni, ncha nyingine kwenye mguu wa meza, na hapo akafanya kazi akiwa ameinama, ila mikono ikamtetemeka akapoteza springi, tukatambaa sakafuni watu wazima watatu kuitafuta.

"Niacheni," akasema akiwa bado amepiga magoti, "nikiinama naona, lakini sisikii. Mikono yangu haisikii kitu." Akavua lenzi. "Nitawapigia niwaambie wampe mwingine nafasi yangu."

 

Nikakaa sakafuni nikiwaza. Tulikuwa tumemnyang'anya kamera madaraka, vizuri, kisha tukageuka kumnyang'anya na fundi mgongo wake. Kwa nini? Saa ilikuwa na mahali pawili tu pa kwenda: mezani na jichoni. Mezani tulikwisha kupapatia namba.

"Wifi, simama. Kaa kwenye kiti. Inua saa, kama Mungu alivyokuumba."

Akainua. Nikapandisha namba, nikapandisha, mpaka kwenye mia moja na arobaini picha ikanyooka: vidole vyake, ukingo wa lenzi, na ndani ya saa iliyoegemea kidogo upande wa kamera, kile kigurudumu kinachocheza huku na huku, unakihesabia meno.

Nikaandika vijistari vichache vya kukaa kwenye kompyuta vikisubiri. Ukibonya mshale wa chini kwenye kibodi, kamera inapewa themanini na tano. Ukibonya wa juu, inapewa mia na arobaini. Basi. Mtoto anaweza.

"Nani atabonya?" Kibano akauliza. "Mimi mikono imejaa."

"Mimi," nikasema, nikajaribu. Nilichelewa kila mara. Saa inafika jichoni, ndipo nabonya. Ukungu, kisha picha. Ikishuka vivyo hivyo.

"Toka hapo," kaka akasema. "Wewe unangoja mkono. Mkono si wa kungojwa." Akakaa kwenye kibodi, na kidole chake kikabonya mshale wa juu kabla kiwiko hakijatikisika. Saa ilipofika jichoni, kamera ilikuwa pale inaisubiri.

"Umejuaje?"

"Anavuta mdomo ndani. Akitaka kuinua, kwanza anavuta mdomo ndani kama anaonja ndimu. Nimekula meza moja na mdomo huo tangu tuoane, wewe unafikiri siujui?" Akageuka kumwambia mkewe. "Kuna siku moja, unakumbuka, tulikuwa kwa shemeji, ukavuta mdomo vilevile, nikajua hapa tunaondoka, na kweli—"

"Hilo ndilo tatizo," nikasema.

Maana mtahini alikuwa ameruhusu mtu wa kushika kamera, kwa sharti moja: asiiguse saa hata kwa kidole wala asimsemeshe fundi. Neno moja, mtihani umekwisha. Na kaka yangu vidole vyake na mdomo wake vinaendeshwa na injini moja. Tukamjaribu. Alikaa kimya mpaka ubonyezaji wa pili, kisha akamwambia Kibano aangalie lile dude la kushoto. Tukamjaribu tena. Safari hii hakusema, ila vidole navyo viligoma. Akawa ananitazama kwa macho ya kuomba huruma, amebana pumzi, mshale haubonywi.

Dawa aliipata mwenyewe. Akaenda kwenye begi lake la kazi, akatoa kitana, akakiuma kwa meno kama anavyofanya anapokata nywele za nyuma ya sikio. "Hapa tu ndipo hua himya," akasema. Yaani hapa tu ndipo huwa kimya. Akakaa, na kweli: mdomo ulikuwa na kazi, vidole vikawa huru.

Jumamosi ikafika. Kibano amevaa gauni lake la kwenda kwenye harusi, lakini mikono ameikunja mpaka juu ya viwiko. Kaka na kitana chake. Mimi pembeni ya kompyuta, nimeshapiga amri zote, kamera imetulia kwenye themanini na tano. Simu ya video ikaita, nikapokea. Mtahini akatokea, mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

"Habari ya asubuhi, mama. Nionyeshe muhuri."

Kibano akaingiza mkono na boksi jipya walilomletea. Na kamera ikaruka. Bangili, ukungu, pazia, ukungu.

 Siku zote tulijaribu bila kupiga simu ya video, na hiyo programu ya simu, ilipoichukua kamera, iliirudishia uhuru wake wote. Nilikuwa nimempokonya mtu madaraka, na mwingine ameingia kwa mlango wa nyuma akamrudishia.

"Mama," mtahini akasema kwa sauti ileile ya upole, "naona ukungu tena."

Kibano hakunitazama. Aliliweka boksi mezani taratibu, akaliacha, kidole kimoja juu ya muhuri. Nikaandika amri. Kompyuta ikanikatalia. Nikaandika tena, ikakataa tena, na kaka akawa anagonga meza kwa kidole, anakodoa macho, ananionyesha kitu: kidole kimoja, halafu viwili. Moja, halafu mbili. Nilikuwa napiga ya pili kabla ya kwanza. Mimi, niliyemhubiria yeye. Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili. Picha ikasimama.

"Aa," mtahini akasema. "Sasa naona muhuri. Uvunje."

Kuanzia hapo sikuwa na kazi. Kibano alifanya kazi kama mtu anayesuka nywele za mtoto aliyelala. Kila alipovuta mdomo ndani, kaka alibonya juu. Alipouachia, alibonya chini. Saa ilipanda na kushuka, kamera ikaifuata bila kukosa, na chumba kizima ni mlio wa vibonye na pumzi ya kaka ikipita katikati ya meno ya kitana. Vidude vikapangwa kwenye kitambaa cheupe, vikasafishwa, vikaanza kurudi ndani kimoja kimoja.

Katikati ya safari ya kurudi, mtahini akavua miwani ya machoni, akashusha ya kwenye paji. "Simama hapo, mama."

Kibano akasimama, kibano hewani.

"Wiki iliyopita sikuona kitu. Leo unainua saa, picha safi. Unashusha, picha safi. Nimewapima mafundi wengi kwa kamera hizi, sijaona kamera inayofanya hivyo. Nina wasiwasi naonyeshwa picha iliyorekodiwa."

Nilifungua mdomo, nikakumbuka sharti, nikaufunga. Kibano akaitazama kamera. "Haijarekodiwa, bwana mtahini. Ni mimi."

"Basi inua ninaposema inua. Inua."

Sasa ona ugumu wake. Kibano akiinua kwa hiari yake, mdomo unatangulia. Akiamrishwa, mdomo hautangulii kitu. Kaka alibaki nyuma, ukungu ukapita, picha ikaja kwa kuchelewa.

"Shusha."

Akachelewa tena. Mtahini akakunja uso. Jasho lilikuwa linamtoka kaka likifuata sharubu. Kibano hakuweza kumgeukia wala kumwambia neno. Lakini nilimwona akiituliza saa mezani, akavuta pumzi, na mtahini aliposema "Inua," hakuinua papo hapo. Alivuta mdomo ndani kwanza. Akampa mumewe nafasi yake. Kisha akainua, na kamera ilikuwa imefika.

"Shusha. Geuza. Inua. Ngoja, shusha nusu. Inua."

Wakaenda hivyo, mtahini anaita, mdomo unajibu, kidole kinafuata, mpaka mtahini mwenyewe akasahau kuita, akabaki anatazama kigurudumu kikikaa mahali pake, kikayumba, kikakata shauri, kikaanza kucheza. Sauti yake hatukuisikia kwa kelele za feni ya kompyuta, lakini tulikiona kikienda huku na huku, safi kabisa. Kibano akafunga kifuniko.

"Nionyeshe aliyekuwa anashika kamera," mtahini akasema.

Nikageuza kamera. Kaka akatokea kwenye skrini, kitana mdomoni, macho mekundu.

"Ni fundi wa kamera?"

Kaka akatikisa kichwa kukataa.

"Ni nani basi? Jibu tu, mtihani umekwisha."

Kaka akatoa kitana. Nilijikaza kupokea hotuba iliyokuwa imekusanyika asubuhi nzima. "Mume wake," akasema, na hakuongeza kitu.

Mtahini akacheka, miwani ikamporomoka puani. Akaandika kitu mbele yake. "Mama, andika vipuri unavyohitaji, vyote, hata vya zile saa ulizowarudishia watu. Tuma Jumatatu. Cheti kitakuja na mzigo wa kwanza." Akamtakia siku njema, akakata.

Skrini ikawa nyeusi. Kibano alikuwa bado amekaa wima vilevile, lenzi jichoni, mikono mezani, hatikisiki. Nikadhani furaha imempooza. Kaka akamwinamia, "Mke wangu? Umefaulu. Sema kitu."

"Amekata kweli?"

"Amekata."

"Una hakika, wifi? Hanioni?"

"Hakuoni mtu."

Akatupa kibano mezani, akavua lenzi, akajikuna pua kwa mikono yote miwili, kwa muda mrefu, macho amefumba. "Imeniwasha," akasema, "tangu aliposema habari ya asubuhi."